Shairi ni la Nani? Maoni Yangu Juu ya Filamu Tano

Masika ya mwaka huu yamenikuta kitandani. Niliteleza uani kwangu, nikateguka kifundo cha mguu, na kwa majuma matatu sikuwa na pa kwenda. Mpwa wangu akaniletea kompyuta yake ikiwa na filamu tano ndani. "Mjomba," akaniambia, "hizi zote zina habari za washairi. Usije ukasema nimekupotezea wakati." Mke wangu akawa anakaa nami jioni, baada ya shughuli zake, tukitazama pamoja. Yeye hasomi Kiingereza, na maandishi ya tafsiri yaliyokuwa yakipita chini ya kioo yalikuwa ya Kiingereza matupu. Ikanibidi niwe msimulizi wake, kama Lufufu alivyowasimulia watazamaji wa vibanda vya video, ila mimi sina ufundi ule wala sauti ile. Nalitaja hili mapema kwa sababu filamu ya mwisho niliisimulia vibaya, na vibaya kwa makusudi. Nitalifikia.

Nianze na ile iliyonigusa kidogo kuliko zote, Dead Poets Society ya mwaka 1989, iliyoongozwa na Peter Weir. Wengi wenu mnaijua. Mwalimu Keating, aliyeigizwa na Robin Williams, anaingia katika shule ya bweni ya wavulana na kuwaamuru wanafunzi wachane kurasa za utangulizi wa kitabu chao cha ushairi, kwa kuwa mwandishi wake amefundisha namna ya kuupima ukubwa wa shairi kwa kuchora grafu. Karatasi zikachanwa, wavulana wakashangilia. Mimi niliyelelewa na kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi cha Sheria za Kutunga Mashairi, kilichotoka mwaka 1954, nilihisi kama ninayechaniwa changu. Waliosimama upande wa Kichomi cha Kezilahabi mwaka 1974 bila shaka watamshangilia Keating, na ugomvi wetu wa zamani utaanza upya. Lakini nikitenda haki, kinachochanwa pale si mizani. Ni kiburi cha kudhani kwamba uzito wa shairi husomwa kwenye rula, na kiburi hicho hata mimi sikitetei. Kosa la filamu ni jingine. Vijana wale wanakwenda pangoni usiku kusoma mashairi ya waliokufa, wanapandwa na mori, kisha hakuna hata mmoja anayekaa na ubeti mmoja mpaka ukamuuma. Ushairi kwao ni wa kijana anayetaka kumshinda baba yake. Unatumika kama tarumbeta.

Paterson ya Jim Jarmusch (2016) ni kinyume chake kabisa. Dereva wa basi, aitwaye Paterson, anaendesha basi katika mji uitwao Paterson, huko New Jersey, mji ambao William Carlos Williams aliutungia utenzi wake mrefu. Kila asubuhi kabla ya kuondoa basi huandika mistari michache katika daftari. Jioni humtembeza mbwa, hunywa glasi moja ya bia, hurudi nyumbani. Wiki nzima inapita hivyo, na filamu haina haraka nayo. Mke wangu aliuliza mara mbili kama kompyuta imekwama. Mimi niliipenda. Niliipenda kwa sababu inaonyesha kazi yenyewe: mtu anasikia abiria wawili wakizungumza, anaona kiberiti mezani, na baada ya siku tatu kiberiti kile kimekuwa shairi. Mkewe, Laura, anamsihi ayatoe kwa watu au walau ayanakili. Anaahidi kuyanakili mwishoni mwa wiki. Kabla ya ahadi kutimia, mbwa analirarua daftari lote.

Hapo mimi na Paterson tunaachana. Yeye anaumia, lakini kwa utulivu ambao mtunzi wa kwetu asingekuwa nao. Shairi la kwetu halikai daftarini likingoja mbwa. Ukilitunga asubuhi, kabla ya adhuhuri limeshasomwa kibarazani, na Ijumaa mtu wa mji mwingine amekwisha kukujibu kwa bahari ileile, tena kakukosoa kina cha kati. Mbwa angelirarua, tungelikusanya upya kutoka vinywani. Na tazameni: yapo maneno katika filamu hii kwamba kusoma shairi katika tafsiri ni kama kuoga umevaa koti la mvua. Anayeyasema ni mgeni kutoka Japani, na mimi nilikuwa nikiyatia katika Kiswahili wakati huohuo. Mke wangu alicheka kuliko nilivyocheka mimi.

Il Postino ya Michael Radford (1994) ndiyo iliyoniachia swali nililolifanya kichwa cha maneno haya. Kisiwa cha Italia, mvuvi asiyependa uvuvi, kazi ya kumpelekea barua mtu mmoja tu: Pablo Neruda, aliyeko uhamishoni. Kisa asili ni riwaya ya Antonio Skármeta, na humo kinatokea Chile. Filamu imekihamishia Italia. Massimo Troisi, aliyemwigiza Mario mpeleka barua, alikuwa mgonjwa wa moyo wakati wote wa upigaji picha, akafariki siku moja baada ya kuumaliza, akiwa na umri wa miaka 41. Ukilijua hilo huwezi kumtazama akipanda kilima na baiskeli bila kushika kifua chako.

Mario anampenda Beatrice. Hajui la kumwambia, basi anachukua shairi la Neruda na kumpa binti kama lake. Neruda anapomkemea, Mario anamjibu kwamba shairi si mali ya aliyelitunga, ni la anayelihitaji. Watazamaji wa Ulaya nadhani huliona jibu hili kuwa ni utani mtamu wa mtu mjinga. Sisi wa pwani tunaliona kuwa ni desturi. Hebu nenda katika taarabu. Mtunzi kaandika, mwimbaji kaimba, lakini wimbo haujawa wa mtu mpaka mwanamke mmoja ainuke kitini, noti mkononi, apite mbele ya hasimu wake taratibu, amtunze mwimbaji. Tangu hapo ubeti ule ni wake. Ameununua, na kila aliyeko ukumbini anajua umeelekezwa wapi. Mario angekaribishwa vizuri Ng'ambo.

Nililishangilia jibu lake. Nikamwambia mke wangu kwamba hii ndiyo hoja nzuri kuliko zote nilizowahi kuzisikia juu ya umiliki wa ushairi. Yeye akaniuliza, "Na akilihitaji mtu mbaya je?" Nikamwambia tutazame filamu.

Juu ya Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa kwanza Toronto mwaka 2021 na mwaka uliofuata ikapelekwa na Tanzania katika mashindano ya Oscar, nina furaha na nina manung'uniko. Furaha ni kwamba kwa jioni moja sikuhitaji kusimulia. Tulikaa kama watu wengine, tukasikiliza Kiunguja kikitembea kwa miguu yake. Yasmin anayekimbia ndoa ya kulazimishwa, Denge anayesakwa na serikali ya kikoloni, Mwajuma anayewafungulia mlango. Na Mwajuma ameigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarabu hasa, kwa hiyo anapofungua kinywa humwoni mtu anayejifanya. Manung'uniko ni kwamba waliosoma riwaya ya Adam Shafi wanajua jinsi watu wake wanavyosema. Wanabishana, wanatoleana maneno, wanapiga soga mpaka msomaji anasahau kwamba kuna siasa. Katika filamu wanatazamana. Rangi ni nzuri, vivuli ni vizuri, kuta za Mji Mkongwe zimepigwa kwa mapenzi, lakini nilitamani mtu aropoke. Kitabu kile kina ulimi. Filamu imekipa macho.

Hata hivyo imenikumbusha Siti mwingine, mkubwa, Siti binti Saad, na wimbo wake wa Kijiti. Wazee wetu wanakijua kisa: mwanamke aliuawa Unguja, aliyetuhumiwa akatoroka, na katika mahakama ya wakoloni walioadhibiwa wakawa wanawake mashahidi. Siti akalitaja jina la mwanamume yule wimboni. Hakusema "fulani". Hakusema "ndege" wala "ua" wala "jahazi". Katika sanaa ambayo fahari yake ni fumbo, mwanamke yule alilitupa fumbo pembeni kwa siku moja, na jina la Kijiti linaimbwa mpaka leo. Nililiwaza hili nikalala nalo, na kesho yake tukaiona filamu ya tano.

Hiyo ni ya Korea ya Kusini, ya Lee Chang-dong, ya mwaka 2010, na jina lake ni Shi, yaani Ushairi. Ilipata tuzo ya mswada bora Cannes. Inaanza na mto na watoto wanaocheza kando yake, na maji yanaleta kitu kinachoelea, kinasogea, kinasogea, mpaka unaona ni msichana wa shule amelala kifudifudi. Ubavuni mwake linaandikwa neno hilo: ushairi. Nikasema moyoni, huyu mtu ana ujasiri, au hana adabu. Mwisho wa filamu nilijua ni lipi.

Mija ni bibi mwenye umri wa miaka 66, mpenda kofia na nguo za maua, anamlea mjukuu wa kiume na kumhudumia mzee aliyepooza ili apate riziki. Anajiandikisha katika darasa la ushairi. Mwalimu anawaonyesha tufaha na kuwaambia kwamba hawajawahi kuliona tufaha kwa kweli. Wanatakiwa watazame, na kila mmoja alete shairi moja mwisho wa kozi. Basi bibi wa watu anatazama. Anatazama mti, anatazama sinia la matunda, anaandika katika kijidaftari na hakuna shairi linalokuja. Wakati huohuo ameanza kusahau majina ya vitu, na daktari anamwambia kwamba nomino ndizo zitakazotangulia kuondoka, kisha vitenzi. Nilipoisimulia sehemu hii sauti ilinikwama kidogo. Sisi tunaojishughulisha na lugha tunaogopa magonjwa mengi, lakini hilo kuliko yote. Na mwigizaji mwenyewe, Yoon Jeong-hee, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Mija vilevile, alikuja kupatwa na maradhi hayohayo ya kusahau. Alifariki mwaka 2023.

Kisha Mija anaitwa na akina baba watano. Wanakutana mkahawani. Wanamwambia kwamba msichana aliyejitupa mtoni alikuwa amenajisiwa kwa miezi na wavulana sita wa shule moja, na mmoja wao ni mjukuu wake. Shule haitaki habari itoke. Wao wamepiga hesabu: wakichanga milioni tano za won kila mmoja, itakuwa milioni thelathini, apewe mama wa marehemu, yaishe. Wanazungumza kwa upole. Wanamiminiana bia. Hakuna anayepaza sauti, hakuna anayeonekana kuwa mwovu. Ni wazazi wanaowapenda watoto wao.

Hapa ndipo nilipoacha kusimulia. Maandishi yalipita chini ya kioo, mistari kwa mistari, nami nikamwambia mke wangu, "Wanazungumza mambo ya shule."

Akanyamaza. Halafu bibi wa kwenye filamu akainuka bila kusema neno, akatoka nje, akaenda kutazama maua mekundu ukutani na kuandika katika kijidaftari chake. Mke wangu akaniuliza, "Baba Salma, mbona bibi ametoka nje? Wamemwambia nini?"

Nikasimamisha filamu nikamweleza.

Sasa niwaeleze na ninyi. Miaka kumi na moja iliyopita, katika mtaa wetu, binti wa miaka kumi na mitatu aliachishwa shule ghafla. Wazee wakakaa. Nyumba iliyokuwa na kijana mwenye kosa ni nyumba yenye heshima. Nyumba ya binti ilikuwa ya mama mmoja muuza maandazi. Fedha zikatolewa. Ikasemwa kwamba yamemalizwa kinyumbani, na kwamba kusitiri ni bora kuliko kufedhehesha. Sikuwapo kwenye kikao hicho, lakini nilijua, kama mtaa mzima ulivyojua. Mwaka uliofuata nyumba ile ikaoza binti yao, nao wakaniagiza shairi. Nikawatungia beti nane, mizani kumi na sita, vina havikuyumba hata mahali pamoja. Niliusifu ukoo ule kwa usafi. Kituo chake kilikuwa juu ya nguo nyeupe isiyo na doa. Watu walilia kwa furaha, nami nikapewa bahasha. Mama wa yule binti alikuwa nyuma, kwenye masufuria, pamoja na wapishi.

Wakati ule nilijiambia kwamba mtunzi ni fundi: akiagizwa kanzu hushona kanzu, haulizi mwenye kanzu anakwenda wapi. Tena nilikuwa na neno zuri la kujifunikia, sitara, ambalo hakuna mtu wa pwani asiyelipenda. Lakini neno hilo lina upande ambao hatuusemi. Kusitiri ni kumfunika mtu aliye uchi. Yule aliyekuwa uchi mtaani kwetu hakufunikwa, alihamishwa. Waliofunikwa ni wenye nguo, na shuka waliyofunikwa nayo niliifuma mimi. Mario alisema kweli kwamba shairi ni la anayelihitaji. Nyumba ile ililihitaji sana.

Turudi kwa Mija. Akina baba wanamtuma akazungumze na mama wa marehemu, mwanamke kwa mwanamke, amlainishe. Njiani anaokota aprikoti zilizoanguka na kuandika mawazo mazuri juu ya tunda linalojitupa chini lipate kupondwa. Anafika shambani, anamkuta yule mama akilima, wanaongea juu ya hewa, juu ya matunda, juu ya mavuno. Anaaga, anaondoka akitabasamu, na baada ya hatua chache anasimama: hakusema alilotumwa, wala hakujitaja yeye ni nani. Ni maradhi yake au ni mawazo mazuri yaliyomsahaulisha? Lee Chang-dong hasemi. Kwangu hii ndiyo sehemu kuu ya filamu, kwa sababu inaonyesha kwamba uzuri wa maneno unaweza kuwa njia ya kupita kando ya mtu mwenye msiba huku ukimsalimu.

Wengine wamesema filamu hii inaonyesha jinsi ushairi unavyomponya bibi. Sikubaliani nao hata kidogo. Fedha anazitoa, tena anazipata kwa njia inayomdhalilisha, kwa yule mzee anayemhudumia. Anaiiba picha ya msichana kanisani na kuiweka mezani mbele ya mjukuu. Kijana anaitupia jicho, anawasha televisheni. Kisha, jioni moja, wanacheza badmintoni mbele ya nyumba, polisi wanafika na kumchukua mjukuu, na mmoja wao anaichukua raketi na kuendelea kucheza na bibi. Mija hapigi kelele. Filamu haitamki kwamba ni yeye aliyesema, lakini mimi sioni maelezo mengine. Kesho yake yeye peke yake katika darasa zima ndiye aliyeleta shairi, na hayupo kulisoma. Linasomwa kwa sauti yake, kisha katikati sauti inageuka, inakuwa ya msichana. Shairi ni la marehemu. Mija alimpa kinywa, na kabla ya hapo alikuwa amekwisha kumtoa wa damu yake. Kwa maoni yangu mpangilio huo ndio uliolifanya shairi liwezekane. Lingekuja kabla, lingekuwa maua tu.

Filamu ilipokwisha mke wangu alikaa kimya, kisha akaniuliza yule mtoto wa mama maandazi yuko wapi siku hizi. Nikamwambia sijui. Akasema atakuwa mtu mzima sasa, ana miaka ishirini na minne. Yeye alikuwa amehesabu, mimi sikuwahi.

Mguu sasa umepona na kompyuta imerudi kwa mwenyewe. Nimejaribu kutunga. Nina ubeti mmoja na nusu, nao nimeufuta mara tatu, kwa sababu kila nikianza linajitokeza ua, au jahazi, au ndege. Jumamosi iliyopita kulikuwa na harusi mtaa wa pili, na kipaza sauti kilielekezwa kwetu. Kijana mwenye sauti nzuri alighani shairi la kuusifu ukoo wa bibi harusi, na kabla hajaumaliza ubeti wa kwanza nililitambua. Lilikuwa langu. Walikuwa wamebadili jina la ukoo tu, wakaweka lenye silabi zilezile nne, na mizani ilikaa sawa kabisa.